Taarifa zako zimevuja? Anza na laini ya simu

Mtu akisikia kwamba taarifa zake zimevuja, mkono hukimbilia kubadili neno la siri la Facebook. Pale sipo pa kuanzia. Kwetu karibu kila kitu kimening'inia kwenye laini ya simu: namba za uthibitisho za benki zinaingia hapo, WhatsApp imesajiliwa hapo, Gmail ukiisahau unarudishiwa hapo, na hela yenyewe inalala hapo. Aliyeishika laini yako kwa robo saa hana haja ya kuyajua maneno yako ya siri. Atabonyeza "nimesahau" na kujitengenezea mapya. Basi utaratibu ni laini kwanza, kisha pesa, kisha barua pepe, kisha WhatsApp. Facebook na wenzake watasubiri.

Tumeupanga mwongozo huu kwa dalili kwa sababu mara nyingi hakuna anayekuja kukuambia kuwa umevuja. Nakala ya kitambulisho iliyobaki kwenye kompyuta ya steshenari ya Ngamiani, hapa Tanga, haitoi tangazo. Unachokiona wewe ni simu isiyo na mtandao, meseji ya ajabu, deni usilolijua. Kutoka hapo unarudi nyuma mpaka kwenye tundu.

Kwanza, nini hasa kimevuja?

Namba ya simu peke yake si msiba. Hata jina na namba pamoja si jambo la kukosesha usingizi: mtu yeyote akianza kukutumia hela, hata shilingi 500, jina lako la usajili linamtokea kabla hajathibitisha, naye anaghairi na kuondoka nalo. Kwa hiyo anayekupigia na kukuita kwa majina yako matatu hajathibitisha kwamba anatoka ofisi yoyote.

Neno la siri likivuja linabadilishwa. Kinachosumbua ni kisichobadilika, na hapo namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndiyo kubwa lao. Itazame kwa karibu. Ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Tano zinazofuata ni msimbo wa posta wa mahali ulipojiandikishia. Aliyejiandikishia Mkoa wa Tanga atakuta zinaanza na 21. Maana yake, mwenye kuiona namba hiyo anajua umezaliwa lini, na pengine ulijiandikishia wapi.

Sasa jiulize namba yako ya siri ya pesa ya simu ni ipi. Watu wengi wameweka mwaka wa kuzaliwa. Tarakimu nne za siri, na tarakimu nne za kwanza za NIDA, ni zilezile! Akaunti hufungwa mtu akikosea mara chache, lakini mwizi mwenye nakala ya kitambulisho hahitaji majaribio mengi: atajaribu mwaka, kisha siku na mwezi, kisha mwezi na siku. Namba ya NIDA huwezi kuibadili, ila unaweza kuhakikisha hakuna mlango unaofunguka kwa hiyo.

Kwa hiyo hata kabla ya kujua dalili yako ni ipi, badili namba za siri leo. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Ingia sehemu ya akaunti yako, tafuta kubadili namba ya siri. Usiweke mwaka, usiweke tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu, na usiweke ileile ya kadi ya benki. Kama una laini tatu, badili zote tatu, hata ile uliyoisahau kwenye kitochi cha shambani.

Dalili: simu yako haina mtandao, za wenzako zinao

Hii ndiyo dalili ya haraka kuliko zote, na watu huipuuza kwa kuwa mtandao hukatika kila siku. Fanya vipimo hivi kwa mpangilio, havizidi dakika tano.

Muulize jirani mwenye mtandao uleule. Kama naye hana, ni mnara, tulia. Kama anao, zima simu yako na uiwashe. Bado? Hamishia laini kwenye simu nyingine. Ikishika mtandao huko, tatizo ni simu yako, pengine antena au ile sehemu ya kuchomeka laini. Ikikataa huko pia, azima simu na ujipigie. Ukiambiwa namba haipatikani, laini inaweza kuwa imekufa tu kwa uchakavu. Lakini ikiita huku simu yako imekaa kimya mkononi, au akapokea mtu, laini yako imesharudishwa kwenye kadi nyingine na kadi uliyonayo imebaki plastiki.

Hapo kimbia. Azima simu ya mtandao uleule, kwa sababu 100 hukupeleka kwa huduma kwa wateja wa mtandao wa laini unayopigia, si wa laini iliyoibiwa. Omba mambo mawili kwa maneno ya wazi: "Fungieni laini yangu na akaunti yake ya pesa," na "Niambieni laini hii ilirudishwa lini na wapi." Andika saa uliyopiga na jina la aliyekuhudumia. Kisha ipigie benki yako, wazuie huduma ya simu benki kwenye namba hiyo. Baada ya hapo ndipo uende duka la mtandao wenyewe, la mjini, si kwa wakala wa mwavuli, na namba yako ya NIDA na vidole vyako, urudishiwe laini.

Wengi hugeuza: wanakwenda dukani kwanza, wanakaa foleni saa nzima, na saa hiyo nzima mwizi anahamisha hela. Simu ya kufungia hutangulia foleni.

Laini huibwaje bila kidole chako? Njia kuu ni kumtumia mtu wa ndani, au wakala asiye mwaminifu, au kukuchezea wewe mwenyewe uthibitishe ombi kwenye simu ukidhani ni zawadi. Ndiyo maana meseji yoyote inayosema kuna ombi la kubadili laini, ambalo hukuliomba, ichukulie kama moshi jikoni. Usisubiri mtandao ukatike.

Dalili: *106# inakuonyesha namba usiyoijua

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tangu hapo kila laini imefungwa kwenye namba ya NIDA ya mtu fulani. Piga *106#, chagua kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uisome orodha taratibu. Menyu hutofautiana kidogo kati ya mtandao na mtandao, kwa hiyo rudia kwenye kila laini uliyonayo.

Ukikuta namba ngeni, sababu ni moja kati ya tatu. Ya kwanza ni laini yako mwenyewe ya zamani, ile uliyonunua kwa ajili ya bando ukaitupa. Ya pili, uliwasajilia mama mkwe au kijana wa dukani kwa kidole chako ukasahau. Ya tatu ndiyo mbaya: ulipokuwa unasajiliwa chini ya mwavuli uliambiwa "kidole hakijasoma, weka tena," ukaweka mara ya pili na ya tatu. Wakati mwingine kweli hakijasoma. Mkono ukiwa na mafuta, saruji au magamba ya samaki, mashine hukataa. Lakini wakati mwingine kila kidole kilichowekwa kilizaa laini, na laini hizo ndizo zinazotumika kutapelia. Polisi wakiifuatilia namba, jina linalotoka ni lako.

Usiipigie namba hiyo kumgombeza mtu. Piga picha ya skrini, nenda duka la mtandao husika, omba laini ifutwe kwenye NIDA yako, na upige *106# tena mbele yao kabla hujatoka. Kama laini ilishatumika vibaya, au huna uhakika, pitia polisi uandikishe na upewe RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Karatasi hiyo yenye tarehe ndiyo itakayokusemea siku mtu akija kudai wewe ndiye uliyemtapeli.

Siku nyingine mashine ikikataa kidole, nawa mikono, futa kwa kitambaa kikavu, jaribu kidole kingine, na uiangalie skrini ya msajili. Ana haki ya kukuomba kidole tena, nawe una haki ya kuona namba anayoisajili. Ukifika nyumbani, *106#.

Dalili: anayekupigia anajua mambo yako mno

"Shikamoo mama. Jana jioni ulitoa laki moja na themanini, muamala wako umepata hitilafu, nisaidie kuurekebisha." Kiasi ni sahihi. Siku ni sahihi. Hapo ndipo mtu hulegea, maana nani mwingine angejua?

Angejua yeyote aliyelisoma daftari la wakala. Hilo daftari la kurasa zilizopigwa mistari, linalokaa juu ya kaunta pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, lina jina, namba ya simu, kiasi na sahihi ya kila mteja wa siku hiyo. Unapoandika mstari wako, mistari kumi ya walio kabla yako iko machoni pako, na wako utakuwa machoni pa anayefuata. Picha moja ya simu yatosha. Hakuna mfumo wowote uliodukuliwa hapo.

Vyanzo vingine vya hapa mjini ni vya namna hiyohiyo. Steshenari: unatuma picha ya kitambulisho kwa WhatsApp ya duka ili kitolewe nakala, na picha inabaki kwenye simu yao na kwenye kompyuta, aghalabu kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Gesti za karibu na stendi ya Kange: kitabu cha wageni chenye jina, namba, kitambulisho, utokako na uendako. Na orodha za vikundi. Hili la vikundi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kikundi kinaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake, katibu anaandika majina, namba za simu na namba za NIDA za wanachama wote kwenye karatasi, anaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp "mhakiki majina yenu." Kundi lina watu 80, na 30 kati yao hakuna anayewajua.

Dawa ya simu ya namna hii ni kukata. Watu wa pwani tunaona haya kumkatia mtu aliyekuamkia vizuri, na matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana shikamoo yao huwa ndefu. Mwambie utapiga mwenyewe, kata, piga 100. Mtu wa huduma kwa wateja hahitaji namba yako ya siri, wala hahitaji ile namba ya tarakimu sita iliyoingia sasa hivi kwenye meseji, wala hakuambii ubonyeze menyu ya kutuma hela ili "kurekebisha."

Dawa ya chanzo ni kwa kila chanzo chake. Kwa wakala, andika jina moja na sahihi, na kama anahitaji namba, mwombe aiandike mwenyewe kutoka kwenye meseji yake. Steshenari, peleka kitambulisho chenyewe kitolewe nakala palepale. Ikibidi kutuma picha, simama hapo mpaka uone imefutwa, na pipa la taka la kompyuta limemwagwa. Katibu wa kikundi akusanye karatasi ana kwa ana. Kundini aweke majina tu.

Dalili: meseji za "tuma kwenye namba hii" zimezidi

Moja moja ni kawaida, zinatumwa kwa mkupuo kwa namba za kubahatisha. Zikianza kukutaja kwa jina, au kumtaja mwenye nyumba wako, au shule ya mwanao, ujue kuna orodha uliyomo.

Zipeleke meseji hizo kwenye namba 15040. Utajibiwa uandike namba iliyokutumia, iandike. Ni bure, na ndivyo namba za matapeli zinavyofungiwa.

Ile ya "nimekosea kutuma, naomba unirudishie" ina vipimo viwili. Usiangalie meseji, angalia salio kwa menyu. Kama salio halijaongezeka, hakuna hela iliyoingia, na hadithi imeishia hapo. Kama limeongezeka kweli, bado usirudishe kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja waurudishe muamala wao. Ukituma wewe, naye akaomba urejeshwaji, utakuwa umelipa mara mbili.

Ukishatuma kwa bahati mbaya, kila dakika ina thamani. Piga 100 na namba ya muamala mkononi. Hela ambayo haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Iliyokwishatolewa itabaki ya kufuatiliwa na polisi.

Dalili: watu wanakupigia, wewe huoni simu

Mtandao upo, vijiti vimejaa, ila anayekupigia anapokelewa na mtu mwingine au anasikia ikiita tu. Hapa laini haijaibwa. Simu zako zimeelekezwa kwingine. Mara nyingi ni wewe uliyepiga tarakimu ulizoambiwa na mtu, zinazoanza na nyota na 21 au 62, ati upate bando la bure. Lengo lao ni zile namba za uthibitisho zinazosomwa kwa sauti: WhatsApp, kwa mfano, ikikosa kufika kwa meseji hupiga simu.

Piga *#21# uone hali. Ikionyesha namba ya mtu usiyemjua, piga ##002#. Hiyo hufuta uelekezaji wote kwa pamoja. Kisha piga *#62# kuthibitisha. Usishtuke *#62# ikikuonyesha namba moja ya mtandao wenyewe. Hiyo huwa ni huduma ya ujumbe wa sauti. Ukiwa na shaka, isome kwa 100 wakuambie ni ya nani.

Dalili: marafiki wanaombwa hela kwa WhatsApp yako

Kuna aina mbili na tiba zake haziko sawa.

Kama WhatsApp imekutoa na inakuambia namba imesajiliwa kwenye simu nyingine, mtu alipata ile namba ya tarakimu sita. Sakinisha upya au fungua, ingiza namba yako, subiri meseji, ingiza tarakimu sita. Ukishaziingiza tu, yeye anatolewa, kwa kuwa namba moja haikai kwenye simu kuu mbili. Ikikuomba namba ya siri ya ziada ambayo hukuiweka wewe, ameiweka yeye, na itakubidi usubiri siku 7. Usikate tamaa katika siku hizo: hata yeye hawezi tena kutumia akaunti. Waambie watu kwa simu na kwa meseji za kawaida. Ukishaingia, weka uthibitishaji wa hatua mbili wako mwenyewe, na barua pepe ya kurejeshea.

Aina ya pili ni ya kimyakimya. WhatsApp yako inafanya kazi, ila meseji unazikuta zimeshafunguliwa. Nenda mipangilio, vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta iliyoingia siku ile uliyokwenda kuchapisha barua ya maombi ya kazi, umepata jibu: uliifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari ukaiacha wazi. Kifaa kilichounganishwa huendelea kusoma hata simu yako ikiwa imezimwa kwa siku kadhaa. Kiguse, kiondoe. Hata neno la siri halihusiki hapa.

Dalili: barua pepe inatenda mambo peke yake

Umepata taarifa ya kuingia kutoka mahali usipopajua, au ombi la kubadili neno la siri usiloliomba. Ombi moja tu linaweza kuwa mtu kakosea anwani. Kuingia kulikofanikiwa ni jambo jingine.

Chanzo cha kawaida ni neno la siri moja kutumika kila mahali. Tovuti ya mchezo wa kubahatisha au duka la mtandaoni la nje linavuja, jozi za barua pepe na neno la siri zinauzwa, na programu inazijaribu jozi hizo kwenye Gmail, Facebook na kwingineko usiku kucha. Hakuna aliyekulenga wewe; umo tu kwenye orodha. Tovuti ya Have I Been Pwned, aliyoianzisha Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, hukuonyesha anwani yako imo kwenye mivujo ipi inayojulikana. Unaandika barua pepe tu. Tovuti yoyote inayokuomba neno la siri ili "ikuangalizie" ni mtego.

Badili neno la siri la barua pepe: maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, marefu, na hulitumii kwingine. Google itavitoa vifaa vingi ukibadili, lakini hapo ndipo watu huacha kazi nusu. Mwizi mzoefu haachi kifaa tu, anaacha kanuni. Fungua Gmail kwenye kompyuta unayoiamini, siyo programu ya simu, ingia mipangilio, na uangalie sehemu mbili: vichujio, na usambazaji. Ukikuta kichujio kinachotupa barua zote zenye neno "benki" kwenye taka, au anwani ngeni inayopelekewa nakala za barua zako, ufute. Kanuni hizo hazifutiki kwa kubadili neno la siri. Zitaendelea kumpelekea mwenzako kila kitu.

Angalia pia namba ya simu na barua pepe za kurejeshea. Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba, kama Google Authenticator, badala ya meseji. Namba zake sita hubadilika kila sekunde 30 na zinatoka hata bila mtandao, kwa hiyo aliyeiba laini yako hazipati. Ubaya wake: simu ikiibwa, na zenyewe zinaweza kwenda nayo. Chapisha zile namba 10 za akiba ambazo Google hutoa, kila moja yenye tarakimu nane na ya kutumika mara moja, uziweke ulikoweka hati ya kiwanja. Nyumbani, siyo steshenari.

Dalili: unadaiwa mkopo usioujua

Tenganisha kwanza. Kama wanakudai kwa niaba ya mtu ("wewe ni mdhamini wake"), huenda hukuvuja wewe. Rafiki yako alipakua programu ya mkopo, akairuhusu isome orodha yake ya namba, nawe umo kwenye orodha hiyo. Kuonekana kwenye simu ya mtu hakukufanyi mdhamini. Usilipe ili kupumzika na simu zao.

Kama ni wewe uliyeipakua, kuifuta programu hakurudishi namba zilizokwishachukuliwa. Iondolee ruhusa ya namba na picha kwanza, omba kwa maandishi wafute taarifa zako, tunza jibu, ndipo uifute. Angalia pia kama mkopeshaji ana leseni: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila idhini.

Kama mkopo umechukuliwa kwa jina lako kabisa, taka ushahidi: tarehe, namba ya simu iliyopokea hela, kitambulisho kilichotumika. Namba iliyopokea ndiyo ufunguo. Ilinganishe na orodha ya *106#. Mara nyingi ni ile laini ngeni ya juu. Omba pia ripoti yako ya mikopo kwa taasisi zinazotunza kumbukumbu hizo, Creditinfo au Dun & Bradstreet, uone kama kuna deni jingine lililojificha. Kosa lililobaki humo utakutana nalo benki siku unayotaka mkopo wa kweli.

Unapolalamika

Polisi, mathalani kituo cha Chumbageni, wanahitaji vitu vya kushika: picha za skrini zenye tarehe na saa, namba ya muamala, namba ya simu iliyohusika, na muda ulioripoti kwa mtandao. Usifute meseji kwa hasira, na usiibadili simu kabla hujahifadhi picha mahali pengine. Utapeli wa aina hii unaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Aliyevujisha ni suala tofauti na aliyeiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kumuuliza anayeshika taarifa zako ana nini juu yako, arekebishe, afute, na hata kudai fidia kwa madhara. Mwandikie kwanza mwenyewe, kampuni au ofisi, barua fupi yenye maswali manne: ni taarifa zangu zipi, zilivuja lini, nani amezipata, mmefanya nini. Jibu likiwa la kuzungusha, au lisipokuja, pelekea Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nakala ya barua yako na uthibitisho kuwa waliipokea.

Na ukipokea tangazo kwamba kampuni fulani imevuja, usibonyeze kiungo kilichomo hata kama tangazo ni la kweli. Matapeli hutuma matangazo ya kughushi wiki hiyohiyo, watu wakiwa na hofu. Ingia kwenye programu au tovuti yao kwa njia yako ya kila siku.

Mambo mawili ya kumalizia kazi

Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, ile inayoulizwa simu ikiwashwa. Haizuii laini kurudishwa kwenye kadi nyingine, lakini inamzuia aliyekukwapulia simu kuichomoa laini na kuitia kwenye kitochi chake apokee namba zako. Namba ya mwanzo imeandikwa kwenye ile kadi ya plastiki iliyokuja na laini. Kadi imepotea? Usibahatishe, uliza 100. Ukikosea mara tatu inaomba PUK, namba ya kufungulia laini, yenye tarakimu nane, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa, unarudi dukani.

Na nakala ya kitambulisho unayolazimika kutoa, ipige mistari miwili ya mshazari kwa kalamu ya wino, katikati uandike inapokwenda na tarehe: "Kwa ajili ya kupanga nyumba Makorora tu," siku, mwezi na mwaka. Maandishi yapite juu ya picha na juu ya namba, lakini yasizizibe. Siku nakala hiyo ikionekana kwenye faili la mkopo, utajua imetoka kwa nani.